Kupima Ukali wa Wagonjwa Unaowakuta Wauguzi: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Fungua daftari la matukio la wodi yenye kazi nyingi. Mara nyingi utakuta mwezi mzima umeandikwa tukio moja, pengine hakuna hata hilo moja. Kisha kaa na wauguzi wa wodi hiyo hiyo wakati wa kupokezana zamu, uwaulize yaliyowapata wiki hii. Mmoja ametukanwa akigawa dawa. Mwingine amekwaruzwa mkono akimgeuza mgonjwa aliyechanganyikiwa. Wa tatu amerushiwa sahani ya chakula. Hakuna aliyeandika, na ukiwauliza sababu, jibu ni lile lile: "Ndiyo kazi yenyewe."

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kuziba pengo lililopo kati ya daftari na mkono uliokwaruzwa: muuguzi kiongozi, mwanafunzi anayefanya utafiti, au mhusika wa usalama kazini. Lengo ni kupata takwimu ambazo muuguzi wa zamu ya usiku akizisoma atajiona ndani yake. Takwimu za namna hiyo hazipatikani kwa kuchapisha dodoso na kuligawa.

Hatua ya 1: Amua unapima kitu gani

Watu wengi huanza na dodoso. Wanalikuta mahali, wanalipenda, wanaligawa, na baada ya miezi mitatu ndipo wanajiuliza majibu yanawaambia nini. Anza na swali, kwa sababu ndani ya maneno "ukali wa wagonjwa" mna vitu vinne visivyopimwa kwa pishi moja.

Kuna wingi: vitendo vingapi, katika muda gani, kwa watu wangapi. Kuna uzito: tusi na ngumi ya jicho vyote ni tukio moja moja kwenye daftari, lakini si sawa. Kuna athari: usingizi uliopotea, hofu ya kuingia chumba fulani, hasira inayobebwa hadi kwa mgonjwa mwingine asiye na kosa, siku za ruhusa ya ugonjwa. Na kuna mtazamo: muuguzi anaamini ukali huo unatoka wapi, na anadhani ungeweza kuzuilika au la.

Vinne hivi haviendi pamoja kila mara. Wodi ya wagonjwa wa akili inaweza kuwa na matukio mengi na athari ndogo, kwa kuwa wauguzi wake wamefunzwa, wanakwenda wawili wawili, na baada ya tukio wanakaa chini kuzungumza. Wodi nyingine inaweza kuwa na tukio moja tu kwa mwaka, na muuguzi aliyelipata akaomba uhamisho. Ukipima wingi peke yake utapeleka msaada wodi ya kwanza na kuiacha ya pili.

Andika swali lako kwa sentensi moja kabla ya kugusa kitu kingine. Mfano: "Katika miezi 12 iliyopita, ni vitendo gani vya ukali vya wagonjwa vimewakuta wauguzi wa wodi za watu wazima, na mara ngapi?" Sentensi hiyo inapima wingi. Ukitaka na athari, andika sentensi ya pili. Usizibane mbili katika moja. Amua pia kama unawahesabu wagonjwa tu au na ndugu waliokuja kuwaona. Ukiwahesabu wote, watenganishe, maana sababu na dawa zao hazifanani.

Hatua ya 2: Taja vitendo, usitaje majina ya jumla

Hapa ndipo kazi nyingi za kupima ukali zinapoharibika, nami ningekusihi utumie muda wako mwingi hapa.

Mwulize muuguzi, "Je, umewahi kufanyiwa ukatili na mgonjwa?" Wengi watasema hapana. Sasa mwulize yule yule, "Je, mgonjwa amewahi kukutemea mate?" Atasema ndiyo, na atakumbuka chumba na saa. Hakusema uongo mara ya kwanza. Neno "ukatili" kwake lina sura ya mtu mwenye nia mbaya, na yule mgonjwa alikuwa na homa kali, hajui hata yuko wapi. Kumhesabia ukatili mtu wa namna hiyo kunamwonea, na muuguzi mwema hapendi kumwonea mgonjwa wake.

Basi swali liulize kitendo. Orodha ya kuanzia inaweza kuwa hivi:

- kutukanwa, kufokewa, kudhihakiwa, au kudhalilishwa kwa sababu ya kabila, rangi, dini au jinsia
- kutishiwa kwa maneno au kwa ishara
- kutemewa mate, kurushiwa kitu, kumwagiwa uchafu
- kushikwa kwa nguvu, kufinywa, kukwaruzwa, kung'atwa, kuvutwa nywele
- kupigwa kofi, ngumi au teke, kukabwa, kushambuliwa kwa kifaa
- maneno ya kimapenzi yasiyotakiwa, na kushikwashikwa mwili
- vitu vya wodi kuvunjwa mbele ya muuguzi
- mgonjwa kujiumiza mwenyewe muuguzi akishuhudia au akijaribu kumzuia

Swali la nia liweke peke yake, baada ya kitendo: "Kwa maoni yako, mgonjwa alikuwa na ufahamu wa alichokuwa akifanya?" na majibu matatu: ndiyo, hapana, sina hakika. Kwa njia hiyo muuguzi anaweza kusema ukweli wa mwili wake bila kumhukumu mgonjwa. Tukio la mtu mwenye ugonjwa wa kusahau na tukio la mtu mwenye akili timamu aliyekasirishwa na foleni yote yatahesabiwa, kisha yatatenganishwa wakati wa kuchambua. Mkono unauma sawasawa, ila kinga ni mbili tofauti.

Hatua ya 3: Chagua chombo kinacholingana na swali

Usitunge dodoso jipya kama lililopo linafaa. Vyombo vimekwisha kujengwa na kujaribiwa katika nchi nyingi, na ukivitumia unaweza kulinganisha matokeo yako na ya wengine. Kumbuka kuomba idhini ya wenye chombo pale inapohitajika.

Kwa wingi wa matukio kwa mtazamo wa nyuma, dodoso linalotumika sana ni lile lililotolewa mwaka 2003 kwa ushirikiano wa Shirika la Kazi Duniani, Baraza la Kimataifa la Wauguzi, Shirika la Afya Duniani na shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa huduma za umma. Linauliza kuhusu miezi 12 iliyopita, na linatenga ukatili wa mwili na ule wa kisaikolojia, yaani matusi, uonevu, udhalilishaji wa kijinsia na ubaguzi. Ni refu, na halikutungwa kwa wagonjwa peke yao, hivyo hakikisha swali la "nani alifanya" halirukwi. Kipo pia kipimo kifupi kiitwacho POPAS, kinachomwuliza muuguzi aina moja moja ya ukali na mara ilizompata.

Kwa tukio moja likiwa bado bichi, kuna SOAS, iliyoanzishwa na Palmstierna na Wistedt mwaka 1987 na kurekebishwa mwaka 1999 kuwa SOAS-R. Ni fomu ya ukurasa mmoja yenye safu tano: kilichochochea, njia aliyotumia mgonjwa, aliyelengwa, madhara, na hatua zilizochukuliwa kumtuliza. Ukiweka alama unapata uzito wa tukio kuanzia 0 hadi 22. Mimi naipenda kwa safu yake ya kwanza. Kuuliza kilichochochea kunaonyesha mambo ambayo wodi inaweza kuyabadilisha, kama vile mgonjwa kukataliwa jambo bila kuelezwa sababu. Chombo jirani ni OAS cha mwaka 1986, kinachogawa ukali katika mafungu manne: wa maneno, dhidi ya vitu, dhidi ya nafsi na dhidi ya watu wengine.

Kwa athari, kuna IMPACS, chenye maswali 10 kuhusu hisia zinazomwandama muuguzi baada ya ukali na jinsi uhusiano wake na wagonjwa unavyoharibika. Kwa mtazamo, MAVAS inachunguza kama muuguzi anaona chanzo kiko ndani ya mgonjwa, katika mazingira, au katika namna watu wanavyohusiana. Na ukitaka kujua kama mafunzo yameongeza kujiamini, kuna kipimo cha Thackrey cha mwaka 1987, nacho kina maswali 10, kinachotumiwa kabla na baada ya mafunzo.

Tahadhari moja. Orodha ya Brøset, yenye dalili sita kama kuchanganyikiwa, kukereka na vitisho vya maneno, hutumika kukadiria hatari ya mgonjwa kuwa mkali katika saa 24 zijazo. Ni chombo kizuri, lakini kinamtazama mgonjwa na kesho yake. Hakikuambii lolote kuhusu yaliyomkuta muuguzi, na mara kwa mara watu huvichanganya.

Hatua ya 4: Tafsiri, kisha sikiliza watu wakilijibu

Chombo kilichotungwa kwa lugha nyingine hakihamishwi kwa kamusi. Watafute watu wawili, kila mmoja atafsiri dodoso peke yake, kisha mlinganishe, mkubaliane. Mtu wa tatu, asiyeliona dodoso la asili, alirudishe kwenye lugha lilikotoka. Penye tofauti ya maana, rudini mezani.

Halafu waite watu wanaoijua kazi, angalau sita, kila mmoja alipe kila swali alama kuanzia 1 (halihusiki) hadi 4 (linahusika sana). Gawanya idadi ya waliotoa 3 au 4 kwa idadi ya wote. Kwa jopo la watu sita au zaidi, swali lililopata 0.78 kwenda juu linabaki. Lililo chini lirekebishwe au liondolewe.

Lakini kipimo cha kweli ni kukaa na wauguzi watano hadi kumi, mmoja mmoja, na kumwomba kila mmoja ajibu huku akisema kwa sauti anachofikiri. Utasikia mambo usiyoyategemea. Atakayesoma "kutishiwa" akadhani ni kutishiwa kushtakiwa. Atakayesoma "shambulio" akaruka kwa sababu hakutoka damu. Atakayekuuliza kama kushikwa mkono na mgonjwa anayeogopa sindano kunahesabika. Kila swali la namna hiyo ni kasoro ya dodoso lako, si ya muuguzi. Lirekebishe uendelee na mwingine, hadi wasome bila kukwama.

Hatua ya 5: Chagua muda wa kukumbuka

Miezi 12 inafaa kwa mambo yasiyosahaulika, kama kupigwa hadi kuumia. Kwa matusi haifai. Muuguzi anayetukanwa kila wiki hawezi kuhesabu mwaka. Atakisia, na makisio yake yatafuata hali yake ya siku hiyo. Tena, tukio kubwa la miezi 15 iliyopita huonekana kama la juzi, likaingizwa mahali pasipo pake.

Ushauri wangu: vitendo vya mwili kwa miezi 12, vya maneno kwa mwezi mmoja au zamu tano zilizopita. Toa alama ya kushika kumbukumbu, kama vile "tangu mwanzo wa mwaka" au "tangu ulipohamia wodi hii". Na epuka majibu kama "mara chache" na "mara nyingi", kwa kuwa mara chache ya wodi ya dharura ni mara nyingi ya wodi nyingine. Tumia namba: hakuna, mara 1, mara 2 hadi 3, mara 4 hadi 10, zaidi ya 10.

Hatua ya 6: Amua nani aulizwe

Kama wauguzi ni wachache, waulize wote. Kama ni wengi, hesabu ya sampuli inayotumika sana, yenye uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5, inatoa watu 384 kwa kundi kubwa sana. Kwa kundi dogo inapungua: hospitali yenye wauguzi 300 itahitaji takriban 169. Ongeza kidogo kwa ajili ya wasiorudisha.

La muhimu kuliko namba ni nani anakosekana. Ukigawa dodoso asubuhi siku ya kazi, umewakosa wa usiku, ambao huwa wachache zamuni na msaada uko mbali. Umewakosa wanafunzi wa uuguzi, ambao mara nyingi hawana pa kusemea. Umewakosa walio likizo ya ugonjwa, ambao baadhi yao wako huko kwa sababu ya hicho hicho unachokipima. Na walioacha kazi hawamo kabisa katika orodha yako. Wafuate hao kwa makusudi, au angalau andika wazi kwamba hawakufikiwa, ili msomaji ajue hesabu yako pengine iko chini ya ukweli.

Hatua ya 7: Walinde wanaojibu, na wanaotajwa

Idhini ya kamati ya maadili ni ya lazima, lakini haitoshi. Muuguzi anayeogopa kuambiwa "ulimchokoza mwenyewe" hataandika kitu. Bosi wa wodi asigawe dodoso wala asilikusanye. Weka sanduku lililofungwa, au fomu ya kwenye simu isiyodai jina. Angalia pia maelezo binafsi: katika wodi yenye wauguzi saba, mmoja wao mwanamume, huyo mwanamume hana siri tena ukiuliza wodi na jinsia. Uliza kwa makundi mapana, na usichapishe matokeo ya kundi lenye watu pungufu ya kumi.

Maswali haya yanatonesha vidonda. Mwishoni mwa dodoso weka jina la huduma ya ushauri nasaha ambayo umehakikisha mwenyewe kwamba ipo na inapokea watu. Eleza pia kwamba yeyote anaweza kuacha kujibu wakati wowote.

Mgonjwa naye ana heshima yake. Usiandike jina lake wala namba ya kitanda, na katika fomu ya tukio eleza alichofanya, si alivyo. "Alirusha kikombe baada ya kuambiwa asubiri" ni taarifa. "Mgonjwa mkorofi" ni muhuri utakaomfuata hadi atakaporudi siku nyingine.

Hatua ya 8: Kusanya kwa njia zaidi ya moja

Dodoso linakupa upana, fomu ya tukio inakupa usahihi wa wakati, mazungumzo yanakupa sababu. Ukiweza, tumia zote tatu kwa kipindi kimoja kifupi, tuseme wiki nne hadi nane. Fomu ya tukio ijazwe kabla ya zamu kuisha, na isizidi dakika mbili tatu. Ikizidi hapo haitajazwa, hata wauguzi wakipenda vipi. Kila mwisho wa zamu mtu mmoja aulize kwa sauti, "Leo kuna lililotokea?" na ajibiwe, hata kama jibu ni hapana. Fomu ya "hakuna tukio" ni data. Bila hiyo huwezi kutofautisha zamu tulivu na zamu iliyochoka mno kuandika.

Kisha linganisha vyanzo. Ukikuta fomu zina matukio 40 na daftari rasmi lina matatu kwa wiki zile zile, pengo hilo ni matokeo makubwa peke yake. Liripoti.

Hatua ya 9: Hesabu kwa uangalifu

Usilinganishe idadi tupu. Tuseme wodi moja ina matukio 18 na nyingine 24. Ya pili inaonekana mbaya zaidi. Lakini kama ya kwanza ilikuwa na siku 600 za wagonjwa kitandani (mgonjwa mmoja akilala siku moja ni siku moja) na ya pili 1,200, basi ya kwanza ina matukio 30 kwa kila siku 1,000, na ya pili 20. Picha imegeuka. Unaweza pia kugawa kwa idadi ya zamu au ya wauguzi. Kinachotakiwa ni kigawanyo kimoja kila mahali, na kitajwe.

Jihadhari na wastani. Wauguzi tisa wamepata matukio mawili mawili na wa kumi amepata 42: wastani ni 6, namba isiyomhusu hata mmoja wao. Toa thamani ya katikati, ambayo hapa ni 2, kisha mtaje yule wa 42 kama habari ya peke yake, kwa maana yuko hatarini. Angalia vilevile kama matukio mengi yanatoka kwa mgonjwa mmoja. Ikiwa ndivyo, hiyo si hali ya wodi nzima. Ni mtu mmoja anayehitaji mpango wake wa huduma.

Kuhusu alfa ya Cronbach, yaani namba inayoonyesha maswali ya kipimo yanaendana kiasi gani, ambayo wasimamizi wa utafiti huidai kuanzia 0.70, itumie kwa vipimo vya mtazamo na athari, ambapo maswali kadhaa yanachimba kitu kimoja. Usiitumie kwa orodha ya vitendo. Aliyetemewa mate hana sababu ya kuwa pia amefinywa. Vitendo visipoendana, orodha yako haina kasoro. Nimeona maswali mazuri yakifutwa kwa sababu tu yalishusha alfa, na kila swali lililofutwa liliondoka na matukio yake.

Wala usijumlishe matusi na mapigo kuwa alama moja. Onyesha kila aina kivyake.

Hatua ya 10: Rudisha matokeo wodini

Wauguzi wayaone matokeo kabla ya ripoti kufika kwa wakubwa, au angalau siku ile ile. Karatasi moja ukutani inatosha: tuliuliza nini, mlituambia nini, nini kitabadilika na lini. Waulize kama wanaitambua picha hiyo. Wakisema haifanani na wanayoyaishi, rudi kwenye hatua ya 2.

Waandae mapema wasimamizi kwa jambo moja: ukianza kupima vizuri, matukio yataongezeka. Miezi ya mwanzo mstari utapanda, na kuna atakayesema hali imeharibika au wauguzi wamekuwa walalamishi. Ndiyo sababu unahitaji ule uzito na zile athari. Matukio yaliyoandikwa yakipanda huku majeraha na siku za ruhusa ya ugonjwa vikibaki pale pale au kushuka, kuna uwezekano mkubwa kwamba kilichoongezeka ni uandishi. Vikipanda vyote pamoja, ukali wenyewe umezidi, na hapo usingoje ripoti ya mwisho wa mwaka. Rudia kipimo kile kile, kwa maneno yale yale na muda ule ule wa kukumbuka, baada ya miezi sita.